Kitabu Kibaki Cheupe: Mwongozo kwa Askari Mpya wa Kaunta

Hongera, kijana. Umetoka shule ya polisi Moshi kwata ingali miguuni, umepangiwa Kyela, na wenzako waliopangiwa Dodoma wanakuonea huruma. Waache. Utakula wali unaonukia kila siku, utapigwa jua na mvua ndani ya saa moja, mbu watakuzoea, na ukipata ruhusa utashuka Matema ukaoge ziwani chini ya Milima ya Livingstone. Kazi yenyewe ni nyepesi. Pale kaunta utakuta kitabu kikubwa chenye mistari. Wajibu wako ni kukilinda kisiandikwe.

Kinahitaji ulinzi kwa sababu kinashambuliwa mchana na usiku. Aliyeibiwa baiskeli anataka namba, aliyevunjiwa ghala anataka namba, aliyepasuliwa kichwa kilabuni naye anataka namba. Wanaiita RB, na siku hizi hata bibi wa Ngonga aliyesoma miaka miwili ya ngumbaru anaitamka bila kukosea. Sasa elewa namba hiyo inazaa nini. Ukishaiandika inadai jalada. Jalada linadai mpelelezi, mpelelezi anadai mafuta ya pikipiki na mashahidi, na mkuu wa upelelezi wa wilaya ataliulizia limefikia wapi. Mwisho wa mwezi linahesabiwa, linapanda Mbeya, na huko linageuka asilimia. Siku mkuu wako atakapoulizwa kikaoni kwa nini uhalifu umeongezeka, ataikumbuka sura yako. Malalamiko yasiyoandikwa hayapandi Mbeya. Yanarudi Ipinda na mwenye nayo.

Silaha yako ya kwanza ni salamu. Hili Moshi hawafundishi. Huku Unyakyusa salamu haikatwi katikati. "Ugonile" ina watoto na wajukuu. Basi ifuate mpaka mwisho. Muulize amelalaje, watoto wameamkaje, mpunga umechanua au bado, maji yameshapungua barabarani, yule mgonjwa wa jirani alitoka hospitali. Mpe benchi. Mwite mama, mwite mzee. Akifika kwenye wizi wake atakuwa ameshakuwa mgeni wako, na mgeni mwenye adabu hamsumbui mwenyeji.

Na usikatae kamwe. Askari anayesema "siandiki" ni mshamba. Atashtakiwa kwa wakubwa na ataitwa ofisini. Askari aliyebobea husema, "Sawa mama, tumekusikia, tunalifanyia kazi." Kusikia hakuhitaji wino. Mama ataitikia "ndaga fijo", atafunga kanga yake vizuri, na njia nzima ataamini amefungua kesi.

Wapo wasiotoka. Hao waambie mhusika hayupo. Mhusika ni nani, hakuna atakayeuliza. Mhusika yuko mahakamani, yuko Mbeya, yuko msibani, ametoka sasa hivi tu, mmepishana hapo mlangoni. Njoo kesho. Kesho ikifika, mhusika wa jana atakuwa ametoka zamu, na wa leo hana taarifa, kwa hiyo aanze kueleza upya. Kama ana nguvu ya kueleza upya, kitabu kimejaa na kipya hakijaletwa, au peni ya ofisi imeisha wino. (Akitoa peni yake mfukoni, mshukuru, uipokee, uiweke sikioni.)

Tuje kwenye kakao, maana hapa ndipo utakaposhambuliwa zaidi. Kyela ndiyo wilaya ya kakao Tanzania, na mwaka 2024 bei ya zao hilo katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kitu ambacho wazee waliopanda miti hiyo hawakuwahi kukiota. Dunia ikilipa hivyo, na mwizi husikia. Atakuja mama asubuhi, miguu ina tope, kucha zina utomvu, aseme ameamka akakuta maganda yamepasuliwa chini ya miti na punje zote zimekwenda. Usitikisike. Anza kwa upole: ameijuaje kuwa ni yake? Ilikuwa na alama? Kakao mbichi haina namba ya fremu. Ilikuwa kilo ngapi? Hajapima, maana iliibiwa ikiwa mtini. Ina thamani gani? Hajui, maana haijafika mnadani. Alete basi risiti ya chama cha ushirika. Risiti hutolewa ukishapeleka mzigo ghalani, na mzigo wake haujafika ghalani kwa kuwa umeibiwa. Mwache aizunguke duara hiyo mwenyewe, wewe tazama nje.

Akisema anamjua mwizi, furahi. Muulize ana shahidi aliyemwona. Hana? Basi asije akashtakiwa yeye kwa kumchafulia mtu jina. Anaye? Amlete. Shahidi ana shamba lake la kulinda, hawezi kuja. Akifululiza akasema mwizi yuko nyumbani kwake sasa hivi anaanika, mwambie amkamate amlete, kwa sababu gari halina mafuta. Akikwambia atachangia mafuta, hapo, kijana, tumia busara zako. Ukutani nyuma yako limebandikwa tangazo kwamba huduma za polisi ni bure, na ni kweli kabisa. Mafuta ni ya kampuni ya mafuta.

Ukichoka, tumia barua. "Umepitia kwa mtendaji?" Hakuna sheria inayomtaka apitie huko. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ile ya mwaka 1985, inasema taarifa ya kosa inaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, kwa askari polisi au kwa kiongozi mwenye mamlaka mahali pale. Yaani mtu anaweza kuja mikono mitupu akafungua mdomo tu. Sheria hiyo iache kabatini, ipo salama. Mtendaji atakuwa kwenye kikao. Akitoka kikaoni, mhuri uko kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti ni shemeji wa mtuhumiwa, maana tarafa nzima ni akina Mwa-fulani, na ukimgusa mmoja umegusa ukoo mpaka Tukuyu. Hapo ndipo busara ya kimila inaingia: kayamalizeni nyumbani. Mama akirudi na barua iliyopigwa mhuri, wiki mbili zimepita na kakao imeshanywewa Ulaya.

Wavuvi ni rahisi kuliko wote. Mvuvi aliyeibiwa nyavu usiku muulize swali moja tu: ziliibiwa upande gani wa ziwa? Waingereza na Wajerumani walikubaliana tarehe 1 Julai 1890 kuhusu mipaka yao, na Malawi inausoma mkataba ule hivi kwamba maji yote ni yake mpaka ufukweni kwetu. Tanzania inasema mpaka unapita katikati. Mgogoro uliwaka upya mwaka 2012, ukapelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, na mpaka kwenye ramani haujatulia. Jambo lililowashinda marais, wewe konstebo wa mwaka mmoja utaliamua kwa ajili ya nyavu za usipa? Mwambie ni suala la kidiplomasia. Ikiwa mtumbwi ulielekea Lupingu, huo ni mkoa wa Njombe, aende Ludewa. Ikiwa baiskeli imevushwa Kasumulu, hapo napo pagumu: Mto Songwe, ambao ndio mpaka, huhama njia yake mafuriko yakija. Huenda baiskeli ilikuwa Malawi tangu awali.

PF3 inataka moyo mgumu kidogo. Ni karatasi ya polisi inayompeleka majeruhi hospitali, na baadaye ndiyo ushahidi mahakamani kwamba alipigwa. Wakubwa wamesema zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Lakini unajua ilivyo: muuguzi anaogopa, anauliza "una PF3?", na majeruhi anarudishwa kwako kwa bodaboda, kanga imelowa damu. Fomu zimeisha, akatoe kopi stesheneri. Stesheneri umeme umekatika. Kama ni mwanamke aliyepigwa na mumewe, mwambie hayo ni mambo ya ndani, aende dawati la jinsia. Na dawati lina ofisa mmoja ambaye yuko kwenye semina ya kupinga ukatili wa kijinsia. Muda ni rafiki yako hapa kuliko mahali pengine popote. Jeraha halisubiri mhusika arudi. Litafunga, uvimbe utashuka, jicho litafunguka, na akija wiki ya tatu utamwambia kwa uaminifu kabisa kwamba huoni kitu cha kuandika.

Usije ukafikiri haya ni ya kwetu tu, ukaona aibu. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walipekua vitabu vya huko wakakuta karibu kosa moja kati ya matano yaliyoripotiwa halikuandikwa, zaidi ya laki nane kwa mwaka. Hao wana kompyuta, magari na mafuta. India ilibidi Mahakama ya Juu iamue, Novemba 2013, kwamba polisi akipewa taarifa ya kosa zito lazima aiandike. Na kesi yenyewe ilianza na baba aliyekuwa akihangaika kuandikiwa kwamba bintiye mdogo ametekwa. Mbinu yetu ni ya kimataifa, tumekosa tu cheti.

Sasa usije ukawa mkavu kwa kila mtu. Kuna watu ambao kitabu hufunguka chenyewe. Mwalimu mstaafu mwenye kalamu nyekundu, anayeandika malalamiko kurasa tatu na chini yake "Nakala: RPC, DC, TAKUKURU", huyo mwandikie kabla hajakaa. Kijana anayeshika simu juu kidogo kuliko kawaida, mwandikie huku ukitabasamu. Mbuzi wa diwani hahitaji shahidi wala risiti.

Na yupo mkopeshaji. Huyu alimpa mkulima pesa mwezi wa njaa ili alipwe mpunga au kakao ingali shambani, mvua ikaharibu, mkulima hakulipa. Kwa sheria hilo ni deni, ni shauri la madai, linakwenda mahakamani na si kituoni. Lakini mkopeshaji ana pikipiki, ana haraka, na anajua jina lako la utani. Utaona maajabu: peni itakuwa na wino, mhusika atakuwepo, mafuta yatapatikana, na deni litaitwa wizi wa kuaminiwa au kujipatia fedha kwa udanganyifu. Jioni mkulima atakuwa mahabusu, amekaa chini ya tangazo lisemalo dhamana ni haki yake. Mimi naona hapa ndipo wanaotusema kwamba polisi ni wavivu wanapokosea. Hakuna uvivu. Mkono ule ule ulioshindwa kuandika kakao ya mama umejaza kurasa nne bila kupumzika.

Utasikia pia habari za mageuzi. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ilikabidhi ripoti yake. Miongoni mwa mapendekezo ni kwamba Jeshi la Polisi libadilishwe liwe Huduma ya Polisi. Usiogope. Ubao wa nje utapakwa rangi upya. Kaunta ni ya zege, haihami.

Hatari halisi ya mwongozo huu ni kufanikiwa kupita kiasi. Ukiufuata vizuri, baada ya misimu miwili ya mavuno benchi litakuwa tupu. Mama wa kakao hatakuja tena; nauli ya kuja kuambiwa "njoo kesho" anainunulia sabuni. Wanakijiji watapanga zamu zao wenyewe, watanunua filimbi na tochi. Utapata usingizi mzuri, na mkuu wako atasifiwa kikaoni kwamba eneo lake limetulia.

Halafu kutapigwa filimbi usiku mmoja, na asubuhi utaitwa shambani. Maiti haiambiwi ije kesho, wala ilete barua ya mtendaji. Hiyo utaiandika, tena kwa mwandiko mzuri, maana itasomwa hadi Mbeya: mwanaume wa umri wa miaka ishirini na kitu, amekutwa na nusu kiroba cha kakao mbichi, ameshambuliwa kwa mawe na fimbo na wananchi wenye hasira kali, waliohusika hawajafahamika. Waandishi watapiga simu. Kamanda atawaasa wananchi waache kujichukulia sheria mkononi na badala yake watoe taarifa vituoni. Kisha atakugeukia akuulize kama kijiji hicho kilishawahi kuleta malalamiko ya wizi wa kakao. Kuwa na ujasiri. Mfungulie kitabu, mgeuzie kurasa moja moja za mwaka mzima ajionee, ubane visigino umjibu: "Hakuna, afande."