Mahali Pazuri Pasipokumbukwa

Nyumba yenye watu wengi hupoteza vitu kwa njia mbili: kuviacha popote na kuvihifadhi kupita kiasi. Njia ya kwanza haina madhara makubwa, kwa kuwa kitu kilichoachwa popote hukanyagwa mapema na kupatikana. Ya pili ndiyo yenye hasara. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huondolewa mezani na mtu mwenye nia njema, kikawekwa "mahali pazuri", na toka hapo hakionekani hadi familia ihame. Mahali pazuri pana sifa tatu: ni pa juu, pamefichika, na panajulikana na mtu mmoja tu, ambaye naye amesahau. Siku shule inapodai nakala ya cheti hicho, magodoro hunyanyuliwa, mabegi hufunguliwa, na vitabu vya dini hupekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Hupatikana picha za harusi, noti ya zamani ya shilingi 200 na kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili. Cheti hakipatikani.

Kupanga nyumba, basi, ni kazi ya kupunguza muda wa kutafuta. Sebule kupendeza ni nyongeza. Utaratibu wa kufuata upo tayari. Viwanda vya Japani viliuunda karne iliyopita, na hospitali za Tanzania zilianza kuutumia mwaka 2007, zikitanguliwa na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Hatua zake tano, kwa majina yaliyozoeleka hospitalini humo, ni kusasambua, kuseti, kusafisha, kusanifisha na kushikilia. Wodi yenye mikasi na dripu haitofautiani sana na jiko lenye miiko na sufuria, ila wodini hakuna bibi anayekataza kutupa kitu.

Kusasambua ni kutoa kila kilichomo, kukitazama na kukiamulia. Kosa la kawaida ni kuianza nyumba nzima kwa mpigo siku ya Jumamosi. Ikifika saa sita mchana kila kitu kiko sebuleni, hakuna pa kukanyaga, umeme umekatika, na shangazi kutoka Moshi anabisha hodi na mkungu wa ndizi unaotafuta pa kuwekwa. Jioni vyote husukumiwa chumba cha watoto na mlango hufungwa kwa bega. Dawa ni kuchukua eneo dogo linaloweza kumalizwa kabla chai haijapoa: droo moja, rafu moja au begi moja.

Droo ya kabati la runinga inafaa kuanzia, kwa kuwa kila nyumba inayo na kila nyumba inaionea haya. Ndani yake kwa kawaida hukutwa chaja nne za pini nyembamba ambazo simu zake ziliuzwa zamani, rimoti ya king'amuzi kilichokwisha kufa, betri ambazo hakuna ajuaye kama ni mpya au zimeisha, funguo saba zisizo na kufuli, kufuli moja lisilo na ufunguo, mshumaa uliopinda kwa joto, sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha sabuni, na risiti zilizofifia zikawa karatasi nyeupe. Kila kimoja kina wakili wake. Chaja zitakuja kufaa. Funguo huenda ni za nyumba ya kijijini. Betri zikianikwa juani zitatoa taarifa ya habari moja zaidi.

Vinavyotoka hugawanywa mafungu matatu: vya kubaki, vya kugawa na vya kutupa. Fungu la nne, la "ngoja kwanza", hujitokeza lenyewe na huyashinda mengine yote kwa ukubwa. Halina haja ya kugombewa. Lifungwe kwenye boksi, boksi liandikwe tarehe, na nusu mwaka ukipita bila mtu kuliulizia, litoke lilivyo. Lisifunguliwe. Likifunguliwa, wa kwanza kuchungulia ataapa kwamba kile kiatu kimoja ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote.

Vyombo vya plastiki vinahitaji kikao chake. Mabakuli huwa mengi na vifuniko vingi zaidi, lakini hakuna wawili wanaooana. Chimbuko lake ni adabu: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bakuli lililoletwa na futari ya Ramadhani hukaa likisubiri siku ya pilau ili lirudi na kitu. Pilau likipikwa, bakuli limekwenda shuleni na wali wa mtoto, na kifuniko chake kimeshaolewa na kopo la siagi. Upande wa pili wa ukuta, jirani ameshikilia mabakuli matatu ya nyumba hii kwa sababu hiyohiyo, na kila mmoja anamwona mwenzake mgumu wa kurudisha. Tiba yake ni rafu moja karibu na mlango kwa ajili ya vyombo vya watu, pamoja na makubaliano ya pande zote kwamba ndizi mbili au konzi ya karanga inatosha kuondoa aibu.

Mifuko nayo ina historia. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na ikadhaniwa kwamba ule mfuko uliojaa mifuko, unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, ungetoweka nayo. Haukutoweka. Mifuko mbadala ilirithi msumari uleule na sasa imeufunika. Kinachoizalisha ni kwenda sokoni mikono mitupu na kununua mwingine hukohuko. Mitatu inatosha, mradi iwe ndani ya begi la anayetoka, kwa kuwa mfuko ulioachwa nyumbani haujawahi kubeba nyanya.

Hatua ya pili, kuseti, ni kukipa kila kitu makao. Kanuni ni kwamba kitu hukaa pale kinapotumika. Mkasi wa jikoni ukitunzwa chumbani, jikoni watatumia kisu kufungulia pakiti ya maziwa, na chumbani watakiazima kisu kukatia uzi, kwa kuwa mkasi umeshapelekwa uani kukatia mchicha.

Asubuhi ndiyo mtihani wa hatua hii. Jijini Dar es Salaam, mtoto anayefuatwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri huvaa huku bado amelala. Soksi ya kushoto ipo. Ya kulia iko kwenye kamba ya nje, imelowa umande. Mkanda amevaa kaka yake. Daftari la hisabati liko chini ya sufuria, lilikowekwa jana ili meza isiungue. Basi linapiga honi, soksi inapigwa pasi hadi inafuka mvuke, baba anatafuta funguo za geti huku amezishika, na mtoto anakumbuka kwamba leo alitakiwa kwenda na ufagio. Yote haya hutatuliwa usiku. Kila mtoto awe na kapu lake karibu na mlango, lenye sare, viatu, madaftari, chupa ya maji na soksi zilizofungwa pamoja. Soksi za nyumba nzima zinunuliwe za rangi na aina moja, ili ikipotea moja iliyobaki isibaki mjane. Swali la ufagio liulizwe kabla ya chakula cha jioni, maana maduka yakishafungwa halina jibu.

Namba zinahitaji makao kama vitu vingine. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA nayo ina tarakimu 20. Zikiandikwa nyuma ya daftari moja bila maelezo, yafuatayo hutokea uniti zinapoisha saa tatu usiku. Mtoto hushika tochi, mama husoma tarakimu nne nne, baba hubonyeza, mita hukataa. Husomwa tena, polepole, kwa sauti ya juu, nayo hukataa tena. Muuzaji hulaumiwa, mtandao hulaumiwa, tochi hulaumiwa, mpaka mtoto anapouliza kwa nini umeme unaanza na 1979. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na mita haina haja ya kujua umri wa mtu. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, yenye namba ya mita, simu ya fundi umeme, ya zahanati na ya shule, humaliza shauri. Vyeti na nakala za vitambulisho viwekwe kwenye faili moja linalojulikana na watu wazima wasiopungua wawili, na picha ya kila karatasi itunzwe kwenye simu.

Kusafisha, hatua ya tatu, ni pamoja na kukagua. Mchele ukiingiwa na fukusi, kesi hufunguliwa: muuza duka hutuhumiwa udanganyifu na dada wa kazi uchafu. Mara nyingi wote wawili hawana hatia, kwa kuwa fukusi hutaga ndani ya punje, na mchele huweza kununuliwa ukiwa tayari na mayai. Kinachowapa fukusi nafasi ni joto, muda mrefu na tabia ya kumimina mchele mpya juu ya wa zamani, ambao kwa njia hiyo hukaa chini ya ndoo bila kuliwa. Wa zamani umalizwe kwanza, ndoo ioshwe na kukauka kabisa, ndipo mpya uingie na mfuniko ubane. Uani nako kunahitaji macho. Ndoo iliyopasuka, tairi na makopo yanayosubiri kupandwa maua hukusanya maji ya mvua, na humo huzaliana mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku kumi hivi, kumwaga maji hayo kila wiki kunatosha kumkatiza. Maua yenyewe yanaweza kuendelea kusubiri.

Kusanifisha ni kuhakikisha kwamba mpangilio unasomeka hata kwa asiyeuweka. Chumvi na sukari zikikaa katika makopo mawili yanayofanana ya maziwa ya unga, mpishi wa kila siku huyatofautisha kwa uzito, lakini siku ya ugeni wa wakwe anayechemsha chai ni mwingine. Baba mkwe huinywa yote kwa heshima, husema imekolea, na hakatai kikombe cha pili kwa sababu hakupewa nafasi ya kukataa. Kipande cha karatasi na gundi kingetosha. Kwa dawa na kemikali kanuni ni kali zaidi: chupa ya maji ya kunywa isitiwe mafuta ya taa wala dawa ya choo, kwa kuwa mtoto huamini umbo la chupa. Akinywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kushikilia ndiyo hatua inayoshinda wengi, hasa wiki ya pili. Ratiba iliyoandikwa kwa kalamu za rangi na kubandikwa ukutani hudumu mpaka mtoto mdogo anapoichora gari. Kinachodumu ni dakika kumi za kila usiku, baada ya kula, ambapo kila mmoja hurudisha alichokitoa, baba akiwemo. Kazi zigawanywe kwa vitu: mmoja viatu, mwingine vyombo vya watu, mwingine kapu la nguo chafu. Agizo la "pangeni nyumba" halina mwenyewe, na kila anayelisikia hudhani limeelekezwa kwa dada yake.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi. Mama asafiri siku moja, na zihesabiwe simu anazopigiwa kuulizwa kitu kilipo. Zikizidi tano, nyumba haijapangwa. Kilichopangwa ni kichwa cha mama. Zikiwa mbili au tatu, mambo yanakwenda vizuri. Asipopigiwa hata moja, afadhali apige yeye, kwa kuwa huenda simu ya nyumbani nayo imewekwa mahali pazuri.