Jinsi ya Kumtoa Mgeni wa Anga Mwambani Kolo

Kwanza zima ile video yenye muziki wa kutisha, inayouliza kila baada ya dakika mbili kama inawezekana viumbe wa sayari nyingine walipita Kondoa, Tanzania. Mwenye ushahidi angekuonyesha. Halafu fuata barabara ya Kondoa kwenda Babati, shuka Kolo kwenye michoro ya kale ya miambani, utafute mhifadhi wa mambo ya kale akupandishe mlimani.

Ukifika chini ya mwamba, funga mdomo kwanza. Mbele yako wamechorwa watu wekundu, warefu, wembamba kama fito, na vichwa vyao vimetuna. Hapa ndipo wengi huteleza: wakiona kichwa kikubwa, tayari ni kofia ya mwanaanga. Wewe anza na mikono. Kuna mchoro wa watu watano, na yule wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Mtafiti Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anatekwa. Watafiti wa baadaye wakaona ngoma, na mtu aliyepandisha pepo. Ubishi haujaisha, lakini wote wanabishania mikono ileile iliyo mwambani, na hakuna aliyelazimika kuazima sayari.

Pili, waulize majirani wa mwamba. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambamo wachezaji hupandisha na kuigiza simba. Kwenye pori la Swaga Swaga, katika mwamba wa Amak'hee, wamechorwa watu watatu ambao vichwa vyao vinafanana na vya nyati. Anayejua kwamba binadamu huweza kucheza hadi akawa mnyama hahitaji roketi ili kuwaelewa. Michoro myeupe, iliyo juu ya ile myekundu, huhusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Ni mikono ya watu tofauti, wa nyakati tofauti, na yote ni ya hapahapa.

Mbishi atakutajia "mungu mkuu wa Mirihi" wa Tassili n'Ajjer, Algeria. Mwambie jina hilo halikuandikwa mwambani. Alilibuni Mfaransa Henri Lhote katika miaka ya 1950, kwa sababu ya kichwa cha mviringo. Mwaka 1968 mwandishi Erich von Däniken akatoa kitabu chake cha miungu wanaanga, na utani wa jina ukageuzwa ushahidi.

Linaloniuma ni hili: pango la Lascaux kule Ufaransa husifiwa kwa ustadi wa wasanii wake, lakini mchoro ukiwa Afrika, huanza kutafutwa fundi kutoka mbinguni. Mtu alisaga mawe mekundu, akachanganya rangi, akavuta mstari mmoja wa mguu bila kutetereka. Kumnyang'anya kazi yake ni wizi, hata kama amekufa zamani.

Na uvumi huharibu kweli. Kolo kuna mashimo yaliyochimbwa na watu walioaminishwa kwamba Wajerumani walifukia mali pale. Kwenye mwamba wa Mungomi, ambako Warangi bado hufanya tambiko la mvua, ingia kwa ruhusa. Mtu akimwagia mchoro maji ili picha yake ing'ae, mzuie papo hapo: maji hayo huondoka na rangi, na hakuna wa kuirudisha.