Namna ya Kuuza Santuri za Babu Ukiwa Kidichi

Kwanza kabisa, usitamke kwamba unauza. Kidichi, neno likitoka barazani baada ya alasiri, magharibi haijaadhiniwa umeshapata warithi. Ami yako, aliyekaa miaka thelathini bila kuzifuta vumbi, atazitaja sahani moja moja kama watoto wake. Babu ameacha wana wawili na mabinti wawili, bibi alishatangulia, sahani ni 27. Piga hesabu ya mirathi: baba na ami tisa tisa, shangazi zako nne na nusu kila mmoja. Nusu zisikutie wasiwasi. Moja mbuzi keshaigawa, na kipande chake kiko uani kinafunika mtungi.

Kisha zichambue. Zile nzito za gramafoni ya kutia ufunguo zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa Kihindi, na huvunjika kama kigae. Zile ndogo za plastiki, za kina Mbaraka Mwinshehe, hazivunjiki, ila zikiachwa juani hupinda kama papadi. Usizinyooshe kwa pasi ya mkaa. Aliyejaribu ndiye anayekuandikia.

Kila mnunuzi anamtaka Siti binti Saad. Hakosei: mwaka 1928 mwanamke yule wa Fumba alipanda meli hadi Bombay na kina Mbaruk, Subeti na Budda, wakatia sauti zao kwenye sahani, nazo zikaenea pwani nzima. Kwa hiyo sahani yoyote iliyoliwa lebo na mende ni ya Siti mpaka ithibitike vingine. Likibaki sikio la yule mbwa wa HMV, pandisha bei. Ikibaki na pembe anayoisikiliza, pandisha tena.

Mteja usimfuate mjini. Kidichi analetwa mwenyewe: ameshaonjeshwa mdalasini, amevishwa taji la makuti, ameoneshwa hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mpate akiwa na dafu mkononi, kabla hajafika kwa wauza sabuni. Akiuliza kwa nini sanduku linanuka karafuu, mwambie ndivyo zinavyonuka sahani za Unguja. Si uongo, zimelala ghalani na magunia tangu babu yu hai.

Atataka kusikia, na hapo ndipo bei inapopatikana au kupotea. Sindano za chuma zilikwisha zamani, chonga mwiba wa mlimau. Zungusha ufunguo mpaka mkono ukuume, teremsha mwiba polepole. Itakoroma kwanza kama mafuta ya kukaangia samaki, halafu fidla, halafu sauti. Upande mmoja ni dakika tatu tu, basi usimruhusu mtu kukohoa. Katikati pana mkwaruzo: neno moja hurudi mara nne, ndipo wimbo uendelee. Usihangaike kuuficha, kwani jikoni shangazi naye ameshaanza kuimba, na akifika pale pale analirudia lile neno mara nne, kisha anaendelea bila kuyumba. Wimbo huo ndivyo alivyoujua tangu utotoni, anadhani ndivyo ulivyotungwa.

Mteja ataweka dafu chini na kutoa pochi. Ataje yeye kwanza. Akishataja, usiitikie upesi, tazama mbali kidogo, upande wa minazi.

"Hiyo msiiuze," atasema shangazi kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Imo katika zile nne na nusu zangu."