Babu kafa salama

Mwenzangu unayeishi na shemeji, hii utaielewa haraka. Wa kwangu, mdogo wake mama watoto, tunamwita Bando, kwa sababu unga ndani unaweza kuisha lakini bando lake haliishi. Ndiye msemaji wetu kwenye grupu la ukoo. Anaandika akitembea, anaandika akitafuna, anaandika huku mlango unagongwa na hakuna wa kuufungua.

Siku moja Babu yao alikuwa safarini kutoka Lushoto. Babu hasafiri bila ndoo ya peasi, wala bila ukoo mzima kukesha kwenye simu. Kafika Mombo? Kapita Chalinze? Bando akaenda kumpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, akamleta. Mzee anavua viatu, kijana anaandika: “Babu kafa salama, yuko hapa sebuleni.” Alikusudia “kafika”. Akatuma, akaweka simu kwenye chaji, akaingia kuoga. Na Bando akiingia kuoga, wengine tafuteni maji kwa jirani.

Utauliza, hilo “salama” hawakuliona? Mwenye majonzi hafiki neno la tatu. Wa kwanza kupiga alikuwa Shangazi Redio wa Temeke, ambaye hata bila simu tungemsikia. Hakusema kitu, alilia tu.

Bando akatoka na povu masikioni. Tangu 2023 WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe, ila ndani ya dakika 15, na yeye haogi kwa dakika 15 tu. Akaufuta kwa wote. Hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana palibaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na Shangazi Redio akatangaza, “Wanatuficha!” Tena wenzake walishausambaza kwenye magrupu mengine, na nakala iliyosambazwa haifutiki kwa kufuta ule wa kwanza.

Alasiri wakaanza kuingia. Kina mama na kanga kichwani, mikeka kwapani. Binamu mmoja akashusha turubai na viti vya kukodi kutoka kwenye kirikuu. Babu akawapokea mlangoni mwenyewe, amefurahi kweli, akidhani wote wamekuja kumwamkia, akawagawia peasi. Mama watoto akaamuru mchele wote upikwe, kwani aliyekuja kulia msiba hawezi kurudi na njaa. Nami nikachochea kuni, kama ilivyo desturi ya baba mwenye nyumba.

Kicheko kilikatika tulipoambiwa Mama Mkubwa, mgonjwa wa presha, ameanguka alipopata habari na amekimbizwa zahanati. Ameshapona, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo sioni kosa la herufi kuwa jambo dogo. Ujumbe wa grupu unafikia watu wengi kwa mpigo, na kila mmoja anaufanyia kazi: huyu anakodi viti, huyu anapanda basi, huyu anaanguka.

Kwa hiyo nakusihi, soma kwanza unachotuma, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Habari za ugonjwa, msiba, pesa na saa zisome mara mbili. Sifuri moja ikizidi, mchango wa elfu 50 unakuwa laki 5. Ukiandika 8:00 bila kusema asubuhi, kuna atakayekuja saa 8 mchana. Na ukikosea, usifute kimyakimya. Andika sahihisho lililo wazi, kisha uwapigie wazee.

Kwetu mama watoto amepitisha sheria: habari ya ukoo haitumwi mpaka isomwe kwa sauti mbele ya Babu. Bando amenung'unika weee, mwisho amekubali. Babu hasikii vizuri, hivyo kila neno lazima litamkwe lote, taratibu, na akiruka hata silabi moja anaambiwa, “Rudia, mjukuu wangu.”