Lori Linalosalimia Kila Mtu

Usukani wa lori letu ulikuwa umefika mahali pa kuinuka na kushuka kama mpini wa pampu ya kisima. Ukikata kona, ulikwaruza kwanza, ukatafakari, ndipo magurudumu yakapata habari. Ni Isuzu TX ya miaka ya themanini, iliyounganishwa Nairobi enzi kiwanda cha Mombasa Road kikiitwa General Motors. Tangu 2017 ni Isuzu East Africa, ila lori letu halikuarifiwa. Limebeba mahindi ya Moiben na Ziwa, mawe, ng'ombe, na harusi kadhaa. Dereva alikuwa ameuzoea usukani huo. "Ni plei kidogo tu, mzee," alisema. Ukiwa kwenye kona za Tambach na shehena mgongoni, hiyo plei kidogo hukukumbusha kwamba hujaandika wosia.

Fundi wa Langas aliutikisa usukani, akainamisha kichwa kusikiliza. Si boksi, akasema, wala si tairod; ni beringi za nguzo ya stelingi, ya juu na ya chini. Akachomoa waya wa betri, akabandua kitufe cha honi, akafungua nati ya katikati. Kisha akachora alama kwa patasi kwenye shafti na kwenye usukani, maana ukirudishwa jino moja pembeni utaendesha ukinyooka huku mikono imepinda. Usukani ukagoma kutoka. Pulla ikaazimwa gereji ya jirani, pamoja na wenyewe na maoni yao. Ulipoachia, uliachia ghafla, na fundi akajikuta chali kwenye kiti ameukumbatia. Beringi ya juu ilitoka vipande vipande, gololi zikabingirika chini ya pedali.

Mjini hakuna anayekwenda kununua spea bila kubeba ile kuukuu mfukoni. Yangu, baada ya kusuguliwa kwa petroli, ilisomeka 6905. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu: milimita 25. Muuzaji akanipa 6205. Tundu ni lile lile kweli, ila kwa nje hiyo ni milimita 52 badala ya 42.
"Si itaingia tu? Mwambie fundi apigepige."
Nikamwomba apigepige yeye, hapo hapo kaunta. Akarudi ndani bila neno na kuleta 6905 yenye mpira pande zote mbili, ya kuzuia vumbi, na vumbi la barabara zetu nadhani analijua kuliko mimi.

Usukani ulirudi imara, mwepesi, umenyooka. Tatizo likawa honi. Kwenye malori haya kitufe hakipeleki umeme. Kinaufungulia tu njia ya kuingia kwenye bodi. Waya ukichubuka na kugusa chuma, honi inalia bila kuombwa. Wetu ulikuwa umebanwa wakati wa kufunga, na uligusa pale tu tunapokata kushoto.

Kwa hiyo tukawa tunasalimia. Wazee wa Uganda Road walitupungia mkono, wakiuliza huyu ni mtoto wa nani. Tulipiga honi tukiingia kanisani kushusha viti, katikati ya maombi. Siku moja tulijikuta nyuma ya msafara wa maiti, nao ukawasha taa za kushoto. Dereva aliona afadhali anyooke hadi Maili Nne, ambako hatukuwa na shughuli yoyote, na mzigo wa watu ukachelewa.

Nilimrudia fundi. Akasema kuufunga waya utepe ni kazi ya dakika chache, au akipenda mwenye gari aukate kabisa. Taniboi, ambaye hajawahi kuchangia hoja gerejini, akaruka kutoka nyuma.
"Msiguse, mzee! Tangu ianze kulia yenyewe, bodaboda wanatupisha."