Jinsi ya Kuisafirisha Shida Hadi Loitokitok

Shida ikikupata Kitengela, usiilee hapo hapo. Kitengela shida hunenepa haraka. Ukuta wa jirani uko hatua tatu kutoka dirishani, landilodi amepita mara mbili leo, simu inalia ujumbe wa mkopo, na vumbi la barabarani limekaa juu ya kila kitu. Hakuna nafasi ya kuiweka chini uitazame kwa mbali. Ichukue usafiri nayo. Toka hadi Barabara ya Mombasa, shuka mpaka Emali, kisha ukate kulia. Kondakta atakutoza gunia la vitunguu na hata kuku, lakini shida haitozwi nauli, iwe kubwa namna gani. Huo ni unafuu wa kwanza, upokee.

Yangu niliibeba hivyo. Mwajiri mmoja alikuwa amenisimamisha kazi akiwa na mshahara wangu wa miezi miwili, na kwa wiki nzima nilikuwa nikilala nayo na kuamka nayo.

Ukifika Loitokitok, lala. Kesho yake uwe nje kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu mlima hujifunika mawingu mapema na anayeamka saa tatu huishia kuhadithiwa. Tazama kusini-magharibi. Kulia ni Kibo, mita 5,895. Kushoto ni Mawenzi, mita 5,149, yenye meno kama msumeno. Mlima wenyewe uko Tanzania, lakini kuutazama hakuhitaji pasipoti. Sasa itoe shida yako, uisimamishe mbele ya Kibo, upige hatua chache nyuma.

Hapa ninasisitiza: usiilinganishe na shida ya mtu mwingine. Kumwambia mwenye deni kwamba wako wanaolala njaa ni kumwongezea aibu juu ya deni, na wale wenye njaa hawajapata hata kijiko cha uji kwa maneno hayo. Ilinganishe na mlima. Mlima hausengenyi.

Tena mlima nao una ya kwake. Kati ya 1912 na 2011 ulipoteza kiasi cha asilimia 85 ya barafu yake. Lakini mvua bado inanyesha kwenye misitu yake, inazama ardhini, inaibukia chini kwenye chemchemi za Nolturesh, Kimana na Amboseli. Tembo wanakunywa, nyanya za Kimana zinanyweshwa, na bomba la Nolturesh linayapeleka maji mpaka Kajiado na Machakos. Kwa hiyo huenda kuna mtu Kajiado mjini aliyenawa uso leo asubuhi kwa maji ya mlima huu huku akilalamika kwamba hana kitu.

Ukimaliza na mlima, nenda sokoni usalimiane na watu. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mmaasai aliyelelewa vizuri hakurushii salamu akapita. Mwanamume utamwambia “sopa”, akujibu “ipa”; mwanamke utamwambia “takwenya”, akujibu “iko”; kisha zije ilomon, yaani habari: watoto, ng'ombe, majani, mvua, mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Kila jambo lina zamu yake, na msikilizaji anaitikia. Shida yako nayo itapata zamu, ila haitapewa kiti cha mbele.

Mimi nilisimama kwa mama mmoja, yeyo kwa Kimaasai, aliyekuwa akiuza maharagwe.

“Takwenya, yeyo.”

“Iko. Umetoka wapi, mwanangu?”

“Kitengela.”

“Mvua imenyesha huko?”

“Imenyesha kidogo.”

“Watoto wanakula?”

“Wanakula.”

“Mama yako je, yuko?”

“Yuko, ni mzima.”

“Na wewe?”

Nikamweleza habari ya kazi, kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema, “Pole sana, mwanangu. Hiyo moja ni nzito.” Kisha akanipimia gorogoro moja, akaongeza konzi ya nyongeza juu yake. Nilikuwa nimefika mbali na neno lile “moja” kabla sijalielewa. Wiki nzima sikuwa nimehesabu.

Jioni chukua karatasi uiandikie shida yako tanzia. Mwandishi Ernest Hemingway, aliyepiga kambi pande hizi za Loitokitok mwishoni mwa 1953, alianguka na ndege mbili ndani ya siku mbili huko Uganda, Januari 1954. Magazeti yakatangaza kifo chake, naye akaketi kuzisoma tanzia zake. Fuata mtindo wa matangazo ya vifo redioni: “Marehemu Deni la Kodi, mzaliwa wa Kitengela, ameacha madeni madogo mawili na bili moja ya stima. Mazishi yatatangazwa baadaye.” Iandike hata kama haijafa. Utaona jinsi ilivyo fupi ikishapewa jina na ukoo.

Lakini iko shida isiyopungua kwa kutazamwa. Ukame wa 2009 na ule wa 2022 uliua ng'ombe wengi Kajiado, na mtu aliyesimama katikati ya mizoga ya mifugo yake hakuhitaji kuelekezwa mlima uliko. Alihitaji nyasi, maji na mtu wa kukaa naye. Ukimkuta mwenzako hapo, funga mwongozo huu uulize unachoweza kubeba. Na kama ni wewe, hulali, huli, na moyo umekuwa mzito wiki baada ya wiki, nenda hospitali umwambie daktari hivyo hivyo ulivyo.

Kwa hizi nyingine, za kodi na mwajiri na shemeji asiyekupigia simu, gari lipo. Ukipanda pale Emali, omba kiti cha dirisha la kulia. Ukishapita Kimana, mlima unakuwa upande huo.