Shajara ya Mahindi Yaliyoliwa

Jumatatu
Tembo wameingia shambani usiku, mahindi yakiwa mabichi ya kuchoma. Mke wangu alipiga debe, nami nikamulika tochi. Jirani aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, upepo ukageuka na moshi ukatupata sisi. Tuko karibu na Sitalike, kando ya Mto Katuma, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni jirani yetu wa kila siku. Wakati wa masika viboko nao hupanda kutoka mtoni.

Jumanne
Nimetoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Fomu zimekwisha, akaandika kwenye daftari. Bwana shamba akadirie hasara, afisa wanyamapori athibitishe ni mnyama gani. Nimeambiwa nisivuruge nyayo.

Jumatano
Mvua kubwa. Nyayo zimefutika. Kinyesi cha tembo kimesalia, nimekifunika kwa beseni.

Ijumaa
Bwana shamba amefika jioni, pikipiki yake ilipata pancha njiani. Futi kamba yake ni fupi, kwa hiyo tumepima kwa hatua, yeye akihesabu na mimi nikishika panga kuondoa mabua. Ni kijana mstaarabu. Aliketi akatueleza utaratibu bila haraka, na watu wakajaa.

Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilipanga malipo kwa ekari, mwisho ekari 5 kwa mkulima: kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Lililo ndani ya mita 500 halikupangiwa malipo. Jirani yetu wa pilipili yumo ndani ya hizo mita. Aliuliza mara mbili, akajibiwa vilevile, akaaga.

Ninaelewa sababu. Kulima mpakani kunawavuta wanyama, na Serikali haitaki kulipia hilo. Lakini tembo huanzia kwake kabla ya kufika kwangu, na kelele zake ndizo hutuamsha. Kwa kanuni hizo, mimi niko katika kiwango cha chini. Shilingi 25,000 hainunui mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50, sembuse mbegu na vibarua wa palizi.

Jumatatu
Mpanda mjini kutoa nakala za kitambulisho. Umeme umekatika. Nimesubiri kibandani hadi alasiri. Uliporudi, tuligundua jina langu benki lina herufi moja zaidi ya lile la kitambulisho. Nimeambiwa nikarekebishe kwanza. Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka, nimelala kwa shemeji.

Alhamisi
Faili limepokelewa. Nimeuliza malipo yatatoka lini. Nimejibiwa kuwa likishapita wilayani linakwenda wizarani, tarehe haijulikani.

Jumamosi
Tumevuna kilichobaki, magunia machache. Wanangu wakubwa walilinda shamba usiku mwezi mzima na mmoja amesinzia katika mtihani. Katika fomu hakuna mahali pa kuandika hayo.

Mvua zetu huanza Novemba. Waheshimiwa wabunge wa Katavi, mtakapokaa kwenye bajeti, ombeni mambo mawili: aliye ndani ya mita 500 naye afikiriwe, na fedha zifike kabla ya Novemba, mkulima apate kununua mbegu.